Laini za Majirani Zinapovujiana: Kwa Nini Kasi Yako Imeshuka na Nani Anaweza Kuirudisha

Swali la msomaji: Nina laini ya VDSL2, yaani intaneti ya kasi inayopita kwenye nyaya za simu za shaba, kama mita 450 kutoka kwenye kabati la mtaani. Nilipofungiwa, modemu ilionyesha megabiti 62 kwa sekunde. Tangu majirani wengi wajiunge imeshuka kidogo kidogo, sasa ni 44. Fundi amepima akasema laini yangu ni nzima, tatizo ni "laini za wenzako". Inawezekanaje, ilhali kila mmoja ana waya wake? Tena nimeshauriwa ninunue waya wenye ngao wa kutoka ukutani hadi kwenye modemu. Utasaidia?

Jibu:

Fundi wako amekuambia kweli. Kila mmoja ana waya wake, lakini hakuna mwenye kebo yake. Nyaya zako mbili zimelazwa ubavuni mwa makumi ya nyaya nyingine ndani ya ganda moja, na zinakaa hivyo kwa karibu urefu wote wa zile mita 450. Humo ndimo kasi yako inakopotelea. Waya wenye ngao wa mita mbili kutoka ukutani hadi kwenye modemu hautakusaidia kitu, kwa sababu mawimbi ya majirani yameshaingia kwenye laini yako kabla hayajafika ukutani kwako. Weka pesa yako.

Dawa ipo, ila haiko mikononi mwako peke yako. Iko kwenye kabati. Nitakueleza kwa urefu kidogo, kwa sababu mteja anayeelewa kinachotokea ndani ya kebo anajua aulize nini, na mara nyingi ndiye anayehudumiwa vizuri.

Waya wenye mkondo wa umeme unaobadilika huzungukwa na uwanja wa umeme na sumaku, na uwanja huo hauheshimu plastiki ya waya. Unaugusa waya wa pembeni na kuzaa humo mkondo mdogo unaofanana na ule wa kwanza. Wahandisi walilijua hili tangu enzi za simu za mwanzo, pale mtu alipokuwa akinyanyua simu na kusikia kwa mbali mazungumzo ya watu wasiomhusu. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell alipewa hataza ya ufumbuzi ambao bado tunautumia: kila simu ipewe nyaya mbili, na nyaya hizo zisokotwe. Zikisokotwa, mara waya wa kwanza huwa karibu na jirani, mara wa pili. Kinachoingia kwenye nusu msokoto huu kinafutwa na kinachoingia kwenye nusu msokoto unaofuata. Na ili ujanja huu ufanye kazi, jozi zinazolala pamoja husokotwa kwa hatua tofauti, maana jozi mbili zenye msokoto sawasawa zingekuwa zinakutana pale pale kila mara, na hakuna kitakachofutika.

Kwa sauti, hilo lilitosha. Sauti ya simu hukaa chini ya kilohezi 4, na kwenye masafa hayo mvujo ni mdogo sana. VDSL2 yako, kwa profaili iliyozoeleka ya 17a, inapanda hadi megahezi 17.6, zaidi ya mara elfu nne juu ya sauti. Kadiri masafa yanavyopanda ndivyo kusokotwa kunavyoshindwa kufuta, kwa sababu hakuna msokoto uliokamilika kiwandani, na kila kiungio cha kebo hulegeza nyaya kidogo. Kebo hizo nyingi zililazwa ardhini na watu ambao hawakuwaza chochote zaidi ya maongezi ya simu. Kwa kweli inashangaza kwamba zinatubebea hata hizo megabiti 44.

Mvujo una sura mbili, na tofauti yake ni muhimu. Wa kwanza ni wa ncha ya karibu: kisambazaji cha jirani kinapiga kelele pale pale ambapo kipokeaji chako kinajaribu kusikiliza minong'ono iliyosafiri kutoka mbali. Huu ni mbaya mno. Nusu kilomita ya kebo ya kawaida inaweza kupunguza nguvu ya mawimbi ya juu mara elfu, kwa hiyo anayesema sikioni kwako anamzima kabisa anayesema kutoka ng'ambo. Waliobuni VDSL na ADSL iliyoitangulia waliukwepa kwa kugawa masafa: mawimbi yanayoshuka kwa mteja yana sehemu yake, yanayopanda yana yake, na laini zote za kebo zinafuata mgawanyo ule ule. Kwa namna hiyo kipokeaji chako hakisikilizi kabisa kwenye masafa ambayo modemu ya jirani inatumia kutuma.

Wa pili ni wa ncha ya mbali. Kabati linatuma data za jirani kwenye jozi yake, zinasafiri zikielekea upande ule ule na zako, na njiani zinavujia kwako kidogo kidogo hadi kufika kwenye modemu yako pamoja na za halali. Huu haukwepeki kwa kugawa masafa, maana wote mnapokea kwenye masafa yale yale kwa wakati ule ule. Unaongezeka kwa mraba wa masafa: yakizidi mara kumi, nguvu ya mvujo inapanda desibeli 20, yaani mara mia. Huu ndio uliokula megabiti zako 18.

Tuzipige hesabu hizo 18, kwa sababu hapa jambo linashikika mkononi. VDSL2 haitumi data kwa wimbi moja kubwa. Inagawanya masafa kuwa toni ndogo maelfu, kila moja ikiwa na upana wa kilohezi 4.3125, na kila toni hubadilishwa mara 4,000 kwa sekunde ikibeba biti chache, hadi 15 ikiwa laini ni tulivu sana. Kwa hiyo biti moja kwenye toni moja ni kilobiti 4 kwa sekunde. Tukiliita kila badiliko hilo mpigo, megabiti 18 ni sawa na biti 4,500 zilizopotea katika kila mpigo. Kwa umbali wako, tuseme toni za kushuka zinazofanya kazi ni 1,500. Basi kila toni imepoteza biti 3. Na kwa kanuni inayotokana na kazi ya mwanahisabati Claude Shannon ya mwaka 1948, kila biti moja inahitaji takriban desibeli 3 za ubora wa mawimbi dhidi ya kelele. Biti 3 ni desibeli 9, yaani kelele kwenye laini yako imekua mara nane. Kutoka kebo tulivu hadi kebo iliyojaa wateja, hilo ni jambo la kawaida kabisa, na halihitaji hitilafu yoyote ili litokee.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii. Hofu yako labda ni kwamba majirani wengine ishirini wakijiunga utabaki na megabiti kumi. Haitakuwa hivyo. Kanuni ambayo wahandisi wametumia kwa miaka mingi kukadiria hali mbaya zaidi ya mvujo inasema kwamba idadi ya wasumbufu ikiongezeka mara mbili, kelele inapanda chini kidogo ya desibeli 2 tu. Walio wachache, wale ambao jozi zao zimelala ubavuni kabisa mwa jozi yako, ndio wanaofanya sehemu kubwa ya uharibifu. Wa upande wa pili wa kebo hata huwahisi. Kwa hiyo megabiti zako za kwanza zilienda haraka, na zilizobaki zitaenda polepole. Ni kwa sababu hiyo hiyo mafundi huweza wakati mwingine kukuokoa kwa kukuhamishia kwenye jozi ya akiba iliyo mahali pengine ndani ya kebo.

Lakini kabla ya kumlaumu jirani, hakikisha ni yeye. Nimeona watu wengi wakipewa jibu la "ni majirani" kama njia ya kufunga malalamiko. Fungua ukurasa wa modemu yako na utazame namba mbili ambazo watu huzichanganya: kasi ya laini, yaani ile ambayo modemu na kabati vimekubaliana, na kasi unayoipata ukipima mtandaoni. Kama kasi ya laini ni ile ile asubuhi na usiku ila kipimo cha mtandaoni kinashuka jioni, hapo hakuna mvujo wowote. Ni msongamano huko mbele kwenye mtandao wa kampuni, na mazungumzo ni mengine kabisa.

Kama ni kasi ya laini yenyewe iliyoshuka, angalia upotevu wa mawimbi, ule unaoandikwa kwa desibeli. Mvujo hauubadilishi. Upotevu ukiwa umepanda kuliko ulivyokuwa mwanzo, tafuta kiungio kilichooza au kebo iliyoingia maji. Makosa yakija kwa vishindo, yaani dakika tano za makosa maelfu kisha kimya, hiyo ni kelele ya umeme: adapta mbovu ya kuchajia, taa, injini, kifaa cha kupitisha intaneti kwenye nyaya za umeme. Mvujo wa majirani hauna tabia hiyo. Wenyewe ni mtulivu, unakaa masaa na siku, na ukibadilika hubadilika kwa ngazi, pale modemu fulani inapowashwa au kuzimwa.

Modemu nyingi zinaweza pia kukuchorea grafu ya biti kwa kila toni. Kama yako inaweza, huo ndio mchoro wenye thamani kuliko namba zote. Mashimo membamba yaliyotengana ni vituo vya redio. Mabonde yanayojirudia kwa nafasi sawa, kama mawimbi ya bahari, ni waya uliotundikwa pembeni bila kwenda popote, kwa kawaida tundu la simu la zamani ndani ya nyumba yako mwenyewe. Mvujo wa ncha ya mbali hauchimbi shimo. Unaishusha grafu nzima, hasa kule masafa ya kati na ya juu, bila alama yoyote ya kuvutia macho.

Kuna kosa moja la kazi ambalo lazima nilitaje, kwa sababu huzalisha mvujo mkubwa kuliko wote na huwapita mafundi wengi. Wakati nikifanya kazi za kebo niliitwa kwenye jengo la ghorofa lenye laini nyingi, mbili kati yake zikiwa zinaharibiana kila siku. Mteja mmoja akiwasha modemu, mwingine anakatika. Kila aliyetangulia alikuwa amepima waya kwa waya na kukuta kila kitu kinapitisha umeme sawasawa. Nilichukua karibu siku mbili kufungua viungio kimoja kimoja hadi nilipokipata: mtu aliyeunga kebo miaka mingi nyuma alikuwa amechukua waya mmoja kutoka jozi hii na mmoja kutoka jozi ya pili, na kuwapa wateja hao wawili jozi za mchanganyiko. Kwa kipimo cha kawaida laini ilikuwa kamili, kwa kuwa waya wa kwanza na wa pili vyote vilifika nyumbani. Ila nyaya hizo mbili hazikuwa zimesokotana. Ule ufutaji wa Bell haukuwepo kabisa, na kila laini ilikuwa antena ya mwenzake. Kuunga upya kulichukua dakika kumi. Kwa hiyo fundi anaposema "laini ni nzima", muulize kwa heshima kama amepima ulinganifu wa jozi, au amepima tu kama umeme unapita. Vipimo hivyo ni viwili tofauti.

Tuchukulie kwamba yote hayo yamepimwa na kweli ni mvujo wa kawaida. Je, haiwezekani tu kuongeza nguvu ya mawimbi yako? Hapana. Nguvu inayoruhusiwa kushuka kwenye laini kama yako ni desibeli 14.5 juu ya miliwati moja, kama miliwati 28 hivi, na ukomo huo upo kwa ajili ya kebo nzima. Ukiongeza wewe, unavuja zaidi kwa jirani, naye ataongeza. Mwisho wote mnapiga kelele zaidi na hakuna anayesikia vizuri kuliko mwanzo. Ukiona kifaa kinachouzwa kama "kiongeza kasi" cha laini ya simu, kiache hapo hapo dukani.

Njia ya kwanza iliyofanya kazi ni kinyume chake: kila laini iseme kwa sauti ya chini iwezekanavyo. Upande wa kupanda, jambo hili ni la lazima. Fikiria mteja aliye mita 100 kutoka kabatini na mwingine aliye mita 700. Wa karibu akituma kwa nguvu zote, mvujo wake utafika kabatini ukiwa na nguvu kuliko mawimbi halali ya yule wa mbali. Ndiyo maana VDSL2 humpunguzia wa karibu nguvu kulingana na urefu wa waya wake, ili wote wafike kabatini wakiwa na sauti zinazokaribiana. Upande wa kushuka hufanyika jambo kama hilo pale ambapo kebo moja inabeba laini zinazoanzia kabatini na nyingine zinazotoka mbali kwenye jengo la simu. Zile za kabatini hushushwa kwenye masafa ambayo wageni hao waliochoka kwa safari bado wanayahitaji.

Mwaka 2002 Wei Yu, George Ginis na John Cioffi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, walichapisha njia nzuri ya kufanya hivyo kwa hesabu. Kila laini inajigawia nguvu kwenye toni zake kwa kuangalia kelele inayoisikia, kisha jirani naye anafanya vivyo hivyo, wakizunguka hadi mgawanyo utulie. Hakuna anayehitaji kujua siri za mwenzake. Faida yake ni kubwa kwenye kebo zenye laini fupi na ndefu kwa pamoja. Kwako ingesaidia kiasi tu, kwa sababu majirani zako wako umbali unaokaribiana na wako.

Dawa yenyewe ni ya pili, na mwaka huo huo Ginis na Cioffi waliieleza: badala ya kuvumilia mvujo, ufute. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, liliifanya kuwa kiwango mwaka 2010 kwa namba G.993.5, na mafundi huiita vektaringi. Nitaitolea maelezo kamili, maana hapa ndipo jibu la swali lako lilipo.

Kwenye upande wa kupanda kazi ni rahisi kuielewa. Mawimbi ya wateja wote yanafika kwenye kabati moja. Chukua wateja wawili, A na B. Kabati likijua kiasi gani cha mawimbi ya B kinavujia kwa A, linachukua lilichokipokea kutoka B, linakipunguza kwa kiasi hicho, na kukitoa kwenye lilichokipokea kutoka A. Kwisha.

Upande wa kushuka, hilo haliwezekani, kwa kuwa modemu ya A iko nyumbani kwa A na ya B iko kwa B, na hazizungumzi. Hapo ndipo ulipo uzuri wa wazo lenyewe. Kabati linajua mapema kabisa nini kitatumwa kwa kila mteja, kwenye kila toni, kila robo ya milisekunde. Basi linafuta mvujo kabla haujatokea. Kwenye laini ya A linaongeza kipande kidogo cha mawimbi ya B kikiwa kimegeuzwa, chenye ukubwa ule ule na ucheleweshaji ule ule wa mvujo unaotarajiwa. Njiani mvujo halisi wa B unaingia kwenye jozi ya A, unakutana na kinyume chake, vinamalizana. Modemu ya A inapokea laini iliyo tulivu kana kwamba kebo nzima ina mteja mmoja.

Ila kabati litajuaje kiasi cha mvujo kutoka kila laini kwenda kila laini, kwenye maelfu ya toni? Kila baada ya mipigo 256 ya data, VDSL2 hutuma mpigo mmoja wa kulinganisha saa. Katika vektaringi laini zote za kundi hutuma mpigo huo kwa wakati mmoja, na kila laini hupewa mpangilio wake wa alama za kujumlisha na kutoa. Chukua laini tatu na mipigo minne: A inatuma + + + +, B inatuma + − + −, C inatuma + + − −. Modemu ya A inapima kosa inaloliona katika kila mpigo na kulirudisha kabatini. Kabati linazidisha makosa hayo manne kwa mpangilio wa B na kujumlisha. Jaribu mwenyewe kwenye karatasi: mchango wa C unajifuta, kila chenye alama za A kinajifuta, kinabaki mvujo wa B peke yake. Likizidisha kwa mpangilio wa C, linapata wa C. Hivyo hivyo kwa laini mia.

Mipigo hiyo ya kulinganisha huja karibu mara 16 kwa sekunde, kwa hiyo kundi la laini 64 linahitaji takriban sekunde nne kumaliza mzunguko mmoja, na hupita zaidi ya mmoja kabla laini mpya haijaruhusiwa kusema kwa sauti kamili. Hivyo, ukiona modemu inachukua muda zaidi kuungana baada ya kampuni kuwasha vektaringi, usiihesabu kuwa ni mbovu. Inajifunza majirani zake.

Gharama yake ni hesabu. Kwa laini 100, kila toni inahitaji jedwali la 100 kwa 100. Zidisha kwa toni 4,096 na mipigo 4,000 kwa sekunde, unapata zaidi ya vizidisho bilioni 160 kila sekunde, mchana na usiku, ndani ya kabati la chuma lililoko juani. Kwa hiyo kampuni nyingine hazijaiwasha kila mahali: vifaa vya zamani vya kabatini haviwezi kazi hiyo, sharti vibadilishwe.

Nayo ina masharti matatu, na lolote likivunjika utaona faida ikiyeyuka. La kwanza, laini zote zinazovujiana ziwe chini ya kifaa kimoja kinachofuta. Ikiwa kampuni mbili zina vifaa vyao tofauti kwenye kebo ile ile, kila moja haijui mwenzake anatuma nini, na mvujo wa mgeni huyo haufutiki. Jambo hili liligeuka kuwa suala la sheria: Ujerumani ilikuwa imewapa washindani haki ya kufika kwenye waya wa mteja, na mdhibiti wake mwaka 2013 alilazimika kuweka masharti ya lini haki hiyo inaweza kuzuiwa ili vektaringi ifanye kazi. Upande wangu naona kebo moja ikabidhiwe msimamizi mmoja wa mawimbi, na washindani wauziwe njia juu ya kifaa chake kwa bei inayosimamiwa. Fizikia ya kebo haitoi nafasi ya zaidi ya hapo.

La pili, kila modemu iwe inaelewa lugha hii. Modemu ya zamani isiyorudisha vipimo vya makosa haiwezi kufutiwa mvujo unaoingia kwake, na kabati halijui inawavujia wengine kiasi gani. Kampuni hutatua kwa kubadilisha programu ya modemu, au kwa kumbana mteja huyo kwenye masafa ya chini, yale yasiyozidi megahezi 2.2, hadi abadilishe kifaa. La tatu, laini iwe fupi. Zaidi ya kilomita moja hivi, mawimbi ya masafa ya juu huwa yamekwisha kabla ya kufika, na kufuta mvujo pale ambapo hakuna cha kusikiliza hakuongezi kitu. Wewe wa mita 450 uko mahali pazuri kabisa. Kwa umbali kama huo vektaringi huweza kurudisha karibu kila kilichopotea, na laini nyingi za namna yako hukaribia megabiti 100 zikiwekewa profaili inayoruhusu.

Mbele ya hapo iko G.fast, iliyokubaliwa mwaka 2014, inayopanda hadi megahezi 106 na baadaye 212 kwa waya mfupi. Huko wanagawana muda badala ya masafa: laini zote hushuka pamoja kisha hupanda pamoja, zikifuata saa ile ile. Kwenye masafa hayo mvujo unaweza kulingana na mawimbi yenyewe, hata kuyazidi, kwa hiyo bila kufuta hakuna huduma. Nyuzi za kioo hazina tatizo hili; mwanga hautoki kwenye uzi mmoja ukaingia wa pili kwa kiasi cha kumsumbua mtu.

Sasa, kwa upande wako. Unganisha modemu kwenye tundu la kwanza kabisa waya unapoingilia nyumbani, na uondoe matawi ya simu yasiyotumika. Kama unatumia waya mrefu bapa usiosokotwa ndani ya nyumba, badilisha uwe mfupi uliosokotwa. Hautapunguza mvujo wa kebo, lakini utapunguza kelele ya umeme wa ndani. Usizime modemu kila usiku. Ukiiwasha alfajiri majirani wakiwa wamezima, itakubaliana kasi kubwa kwa kuangalia utulivu wa saa hiyo, ikibakiza akiba ya kawaida ya desibeli 6 dhidi ya kelele itakayoongezeka. Wenzako wakiwasha akiba inaliwa, laini inakatika, na mfumo wa kampuni ukiona imekatika mara kwa mara utakushusha kasi makusudi. Iache iwake.

Kisha wapigie kampuni na uulize kwa maneno haya: je, G.993.5 imewashwa kwenye kabati langu, na je, modemu yangu imejiunga nayo au inafanya kazi pembeni? Kama haijawashwa, ipo kwenye mpango? Je, laini yangu imewekewa marekebisho ya kasi bila kukatika, na utumaji upya wa vipande vilivyoharibika, ule wa G.998.4? Na je, ipo jozi ya akiba? Maswali hayo yakifika kwa mtu wa kiufundi, majibu yake ni ndiyo au hapana.

Wakikuambia vektaringi imewashwa na wewe bado uko 44, chukua grafu mbili za biti kwa toni, moja saa nane usiku na nyingine saa mbili usiku, uzilinganishe toni kwa toni. Tofauti ikianza ghafla kwenye ukingo fulani wa masafa na kuishia ghafla, kuna laini iliyo nje ya kundi inayotumia masafa hayo. Watumie grafu hizo. Kwa ukingo huo fundi wao anaweza kutambua ni laini ya aina gani na kuanza kuitafuta.